Mshale Ulioanguka Mteremkoni

Mafundi wenzake walimwita Taratibu, maana hakufungua bolti hata moja kabla ya kulikodolea gari macho mpaka mwenye gari achoke. Lakini gari la mama mkwe wake lilikuwa limemshinda, na gereji nzima ilijua.

Mama mkwe alikuwa mkunga. Gari lile kuukuu ndilo lililomfikisha kwa wajawazito wasioweza kufika zahanati, na sasa lilikuwa linazima barabarani bila kuonya. Taratibu alibadilisha plagi, akabadilisha pampu ya mafuta, akasafisha tangi. Mashine ya kusomea hitilafu haikuonyesha kitu. Na kila likifikishwa gereji, liliwaka kwa mguso mmoja, likanguruma kama halijawahi kuugua.

Kisha likazima juu ya reli. Wapita njia walilisukuma, mkunga yumo ndani na begi lake mapajani, treni inapiga honi. Akaja moja kwa moja kwa bintiye, akanywa maji, asimlaumu mtu. Taratibu aliona afadhali angetukanwa.

"Mama," alisema mwishowe, "kesho niache niliendeshe mpaka linizimie mkononi. Likiletwa gereji likiwa limepona, siujui ugonjwa wake."

"Utatazama barabara na hizo saa zake za dashibodi kwa macho mangapi? Tutakwenda wote."

Mkewe Taratibu alikuja juu. "Mama! Leo tu umeponea chupuchupu!"

"Uchungu haupimwi siku ambayo haupo, binti yangu," mkunga alijibu. Yakaisha.

Asubuhi walielekea barabara ya mlimani. Taratibu alimwonyesha mshale wa mizunguko ya injini. "Huo tu, Mama. Usiuache hata nikipiga kelele."

Walipanda, wakashuka, wakapanda tena. Injini ilipata joto sawasawa. Walikuwa wakiteremka, kona iko mbele, injini iliponyamaza ghafla.

Usukani ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Alikanyaga breki, ikawa ngumu. Nyuma yao lori la mchanga lilipiga honi ndefu. Taratibu alikanyaga kwa miguu yote miwili, akavuta breki ya mkono, akalivuta gari pembeni hadi likasugua ukingo na kusimama. Lori likapita karibu mno, kioo cha ubavuni kikajikunja.

Kisha Taratibu akauliza, "Mshale?"

"Ulianguka." Sauti ya mkunga ilitulia, ila vidole vilikuwa vimeng'ang'ania mkanda. "Ulianguka mara moja mpaka sifuri, na gari bado linakwenda."

"Una hakika?"

"Kutazama ndiyo kazi yangu, baba."

Taratibu aligonga usukani. Gia ilikuwamo, kwa hiyo magurudumu yalikuwa bado yanaizungusha injini. Kama tatizo lingekuwa mafuta, mshale ungeshuka polepole pamoja na mwendo. Kuanguka vile kulimaanisha kompyuta ya gari iliamini injini imesimama, na anayeipa habari hizo ni mmoja: sensa ya krenki, kidude kinachosoma mzunguko ili cheche na mafuta vije kwa wakati wake.

Alifungua boneti. Mkunga akazungusha ufunguo: injini ilizunguka bila kuwaka, mshale haukutikisika. Taratibu akachukua maji ya kunywa, akakimwagia kile kidude kidogo kidogo mpaka kikapoa.

"Jaribu sasa, Mama."

Likawaka.

"Yaani haka ndiko kalikotaka kunilaza relini?"

"Ndiko. Kakipata joto kanazimia, kakipoa kanajifanya malaika. Ndiyo maana gereji kalinichezea shere."

Siku hiyo hiyo alifunga sensa mpya, akakagua waya wake wote, akalirudisha gari mlimani mpaka akachoka yeye. Ndipo akamkabidhi mkunga ufunguo.

Kesho yake mkunga aliitwa ng'ambo ya mlima, akaenda peke yake. Taratibu alishinda gereji na spana mkononi, hafungi wala hafungui. Honi ikilia barabarani, anaruka. Alimpigia simu, haikupokelewa. Wenzake waliacha kumtania. Jua lilikuwa limeinama simu ilipoita.

"Mtoto wa kike," mkunga alisema. "Mama yake hajambo."

"Na gari, Mama?"

"Gari? Mwenzio nilisahau kama lina injini."

Taratibu alikalia tairi lililokuwa karibu. Ndipo akaitua spana.