Duara Aliloliona Refa Peke Yake

Juma lililopita tulimzika kule Nangara mzee ambaye wengi wenu mliwahi kumtukana. Pengine mmesahau, maana tusi lilikuwa lile lile kila Jumapili: "Refa kipofu!" Alichezesha mechi za mji huu miaka mingi, na sijakutana na shabiki, awe wa Bagara au wa Bonga, aliyekiri kwamba timu yake ilifungwa kihalali. Yeye alicheka tu. "Siku nikipofuka kweli," aliniambia, "watakosa la kusema."

Alistaafu na macho yake mazima. Kisha asubuhi moja kiza kilishuka kama pazia kwenye jicho la kulia. Wanawe walimpeleka hospitali ya nje ya mkoa, wakaambiwa utando wa nyuma ya jicho umebanduka. Wakati wa upasuaji hutiwa kimiminika kizito cha kuulaza utando mahali pake, kisha hutolewa. Alirudi nyumbani, sote tukatangaza kwamba upasuaji umefanikiwa. Mwenye jicho tu ndiye aliyekataa. "Naona duara," alisema. "Nikigeuza kichwa, nalo linahama." Mkewe akamjibu, "Baba watoto, huo ni uzee." Vijana wa kijiweni wakamuuliza kama duara hilo limevuka mstari wa goli. Kwenye zahanati alipewa dawa ya matone na kuambiwa atazoea.

Hakuzoea. Jicho lilipoanza kuwa jekundu na kuuma, alipanda basi peke yake akarudi kwa daktari aliyempasua. Daktari alichungulia kwa muda mrefu, kisha akasema: "Mzee wangu, uko sahihi. Kuna tone la kile kimiminika limebaki. Nisamehe." Mzee mwenyewe, rafiki yangu, alinisimulia kwamba alilia palepale kitini, wala si kwa maumivu. Katika maisha yake yote, alisema, huyo alikuwa mtu wa kwanza kukubali uamuzi wake.

Tone likatolewa, duara likatoweka, lakini nuru haikurudi yote. Lilikuwa limekaa mno. Aliishi hivyo bila kinyongo hadi moyo ulipomchukua. Msibani mjane wake aliniambia kwa sauti ndogo, "Shemeji, sikumuuliza hata mara moja hilo duara likoje. Nilimtuliza tu."

Sisi ni hodari sana wa kutuliza. Pole, utazoea, ni umri, mwachie Mungu: maneno matamu yote, na kila moja hufunga mazungumzo. Mgonjwa akikwambia anaona kitu, kabla hujampa pole, muulize anaona nini.