Sema Shida Yako

Kuna watu wanaojua kusamehe. Mama yangu ni mmoja wao: akikosewa asubuhi, jioni anampelekea mkosaji viazi. Mimi kipaji hicho sikukirithi. Nilichorithi kwake ni kumbukumbu tu, na hiyo inafanya kazi vizuri mno.

Mtu ninayemkumbuka hapa alikuwa mkufunzi wangu katika chuo cha kilimo Njombe. Hakuwa mtu wa kwetu, na hilo si kosa. Mji wetu wa Makambako umejaa watu wasio wa kwetu na tunaishi nao vizuri. Kosa lake ni kwamba hakuwa tayari kusalimiwa. Ukimwamkia, anatazama saa yake ya mkononi, kisha anasema, "Sema shida yako." Wote tulipewa hiyo hiyo, wanafunzi, wapishi, hata mzazi aliyetoka Matamba kwenye baridi kumleta mwanawe. Shikamoo yako inabaki inaning'inia, hakuna wa kuipokea, na wewe unabaki umesimama pale na haya ambayo hujui umeipatia wapi.

Mwaka wa mwisho tulikuwa na mtihani wa vitendo. Unapelekwa kwa mkulima usiyemjua, unaongea naye, unatambua shamba lake lina tatizo gani, unamshauri. Mkufunzi anasimama pembeni akisikiliza na kutoa alama. Mimi nilipangiwa mzee mmoja jirani na chuo ambaye viazi vyake vilikuwa vinanyauka. Ilikuwa asubuhi ya Julai, mzee kavaa makoti mawili. Nikafanya kama nilivyolelewa. Nikainama kidogo nikasema kamwene, salamu yetu Wabena, naye akaitikia kamwene. Nikamwuliza ameamkaje, na watoto, na mifugo, na hii baridi anaionaje. Naye akaniuliza natoka wapi, kwetu ni kwa nani. Kwetu salamu hazirukwi, maana ndani ya salamu ndimo mtu anakupima kama unafaa kuambiwa kitu. Nilimwona mzee anageuza uso kuelekea shambani, anataka kuanza kunieleza. Hapo hapo mkufunzi akadakia nyuma yangu, mbele ya darasa zima:

"Sema shida yako! Kwani hapa tumekuja msibani?"

Darasa likacheka. Mzee akafunga mdomo wake, na hakuufungua tena sawasawa. Kila nilichomwuliza alijibu ndiyo au hapana. Nikashauri kwa kubahatisha, nikafeli. Mkufunzi akaniambia, bado darasa linasikiliza, kwamba kilimo ni sayansi, na kwamba mimi ningefaa kuuza maandazi stendi, huko ndiko salamu zinalipa.

Nilirudia mwaka. Wenzangu wakaenda zao kutafuta kazi, nikabaki kukaa na waliokuwa nyuma yangu, ambao tayari walikuwa wameshanibatiza jina la Kamwene. Baba yangu, mkulima na mzee wa kanisa, hakunigombeza. Aliniuliza tu nilimkosea nini mwalimu. Kisha akaenda kutafuta ada nyingine.

Nilipomaliza, nilipata kazi Makambako kwa mzee mmoja mwenye malori, Mwislamu aliyehamia pale zamani, ambaye alikuwa ameanza kununua parachichi za kupeleka nje. Usaili wenyewe ulifanyika katika kiofisi chake karibu na njia panda, upepo unatikisa mabati hadi inabidi mtu apaze sauti. Vyeti hakuvigusa. Aliniuliza, "Ukifika kijijini kwa mara ya kwanza, binti yangu, utaanza na nini?"

"Na salamu, mzee."

"Halafu?"

"Halafu nasubiri."

Akacheka sana, akaniagizia chai. Jumatatu yake nikaanza kazi.

Kijiji changu cha kwanza kilikuwa Kichiwa. Kulikuwa na kikundi cha akina mama wenye miti mingi ya parachichi, na wanunuzi wengine walishaenda wakashindwa. Mwenyekiti wao alikuwa bibi mmoja mrefu, mwembamba, mwimbaji wa kwaya, asiyependa kuharakishwa. Siku ya kwanza sikutaja parachichi kabisa. Nilikaa nao tukamenya maharage. Mara ya pili bibi mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Hivi wewe ulikuja kufanya nini?" Wakati huo walikuwa wameshaamua kuniuzia. Vikao vyao waliviendesha kwa Kibena, ndiyo desturi ya kikundi, nami ni Mbena, mambo yakaenda.

Biashara ilipokua, mzee wa malori akaona anahitaji meneja, mtaalamu ambaye wateja wa nje wakimwuliza jambo anajibu. Siku ya kumtambulisha nikaingia ofisini nikamkuta mkufunzi wangu ameketi kwenye kiti cha kuzunguka.

"Kamwene!" akasema, na si kwa kunisalimia. "Bado unasalimia watu tu?"

Nikacheka. Mtu mzima hujifunza kucheka huku moyo unachemka.

Kuanzia hapo tukawa tunakwenda vijijini pamoja, yeye akiongea Kiswahili, mimi nikitafsiri kwa Kibena. Utaalamu alikuwa nao, simnyimi. Yeye ndiye aliyewafundisha akina mama kwamba parachichi halinyofolewi. Linakatwa na kikonyo chake, kile kijiti cha juu, maana ukikinyofoa linaanza kuozea pale pale. Lakini mdomo wake! Akisema, "Waambie waache uvivu," mimi natafsiri, "Anasema anajua mna kazi nyingi, ila anaomba tujitahidi." Akisema, "Waulize kwa nini hawasikii," mimi nasema, "Anauliza kama alieleza vibaya." Akina mama wanatikisa vichwa, wananong'ona, wanakubali. Yeye anarudi Makambako kifua mbele, anamwambia mzee wa malori kwamba wakulima wanamwelewa sana. Nilikuwa namfulia maneno yake kila siku, na nguo safi anavaa yeye.

Kwa nini nilifanya hivyo? Kwa sababu parachichi zile zilikuwa za akina mama, si zake. Na kwa sababu nilijua mzee wa malori anataka msimamizi wa wakulima wa eneo lote, na kazi hiyo nilikuwa naifanya tayari bila cheo. Nilidhani mwenye macho ataona.

Ofisi yetu iligawanywa kwa mbao nyembamba. Mchana mmoja upepo ulikuwa umetulia, jambo la nadra kule, nikawasikia upande wa pili. Mzee alinitaja mimi kwa ule usimamizi. Meneja akajibu, "Yule? Yule ana mdomo tu, mzee, taaluma hana. Nimemfundisha mimi, nilimfelisha mwenyewe. Na kutafsiri hata mtoto anafanya."

Mzee hakubisha. Akasema basi watafute mtu mwingine.

Nilikaa pale na kalamu mkononi. Sikulia. Kilio nilikimaliza ule mwaka niliorudia. Nilichowaza ni kwamba mtu huyu amenikata mara ya pili kwa kisu kile kile, na safari hii kisu nilimnolea mimi mwenyewe. Nikaamua kwamba kuanzia siku ile, kama kutafsiri hata mtoto anafanya, nami nitatafsiri kama mtoto.

Wiki hiyo hiyo tukaenda Kichiwa. Mzigo wa mwisho ulikuwa na matunda mengi yaliyokataliwa, hayana vikonyo, na meneja alikuwa amekasirika. Njiani alipiga honi hata kwa kuku. Akina mama walikuwa wameshakaa kwenye mabenchi ya ukumbi wa kijiji, vitenge vimefunga mabega kwa ajili ya baridi. Bibi mwenyekiti akasimama, akaanza, "Kamwene, bosi, mmefika salama?"

Meneja akatazama saa. "Mwambie aseme shida yake. Au hapana, shida ninayo mimi. Waambie sina muda wa kupoteza na watu wasioelewa. Kikonyo nimewafundisha mara ngapi? Hata ng'ombe angeshaelewa. Wakitaka hela waache kukaa wanasukana nywele na kunywa ulanzi."

Nikasimama, nikaweka mikono nyuma, nikatafsiri. Sikuongeza hata neno moja, wala sikupunguza. Ng'ombe nikamweka. Nywele nikaziweka. Ulanzi nikauweka, mbele ya wanakwaya ambao pombe ya mianzi hawaigusi hata kwenye harusi. Kwa Kibena maneno yale yalitoka mabichi.

Ukumbi ukanyamaza kabisa. Meneja akadhani hatimaye wamemwelewa, akaridhika.

"Safi," akaniambia. "Hebu warudie hilo la ng'ombe."

Nikarudia hilo la ng'ombe. Katika maisha yangu sijawahi kutii agizo kwa furaha namna ile.

Bibi mwenyekiti alikuwa bado amesimama. Akamgeukia meneja, na akaongea Kiswahili, kile cha shule, kilichonyooka kuliko changu na chake.

"Mwanangu, Kiswahili tunakijua. Tumekusikia tangu siku ya kwanza ulipokuja. Ulikuwa unatutukana, tukasema huyu ni mgeni, maneno ya mgeni hayajafika mpaka mtoto wetu atuambie amesema nini. Mtoto wetu akawa anatuambia maneno mazuri. Tukapokea hayo. Leo mtoto wetu ametuambia ulichosema. Sasa yamefika."

Meneja akanitazama. Mimi nikatazama mabenchi. Nilikuwa najua siku zote kwamba wanasikia. Wao walijua kwamba najua. Asiyejua alikuwa mtaalamu peke yake.

"Tena," bibi akaendelea, bila haraka yoyote, "umetufundisha kwamba parachichi lisilo na kikonyo linaoza. Ni kweli, asante. Na salamu ndiyo kikonyo cha maneno. Sisi tumekuharibia mzigo mmoja. Wewe maneno yako yote umetuletea yameoza."

Akakaza kitenge, akatoka. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, kila mmoja akiniaga mimi na kumpita yeye.

Ndani ya gari alishika ufunguo bila kuuzungusha. Kisha akauliza, "Umewaambia nini wale?"

"Ulichosema."

"Chote?"

"Chote. Kutafsiri hata mtoto anafanya, bosi."

Akajua nilisikia kupitia mbao. Njia nzima hadi Makambako niliangalia mashamba ya misonobari kwa raha zangu.

Kichiwa waligoma kutuuzia. Mzee wa malori akatuita wote wawili. Alimwuliza meneja jambo moja tu: "Kwani ulisema ng'ombe?"

"Ulikuwa mfano tu, mzee."

"Mfano," mzee akarudia, akaendelea kukoroga chai yake. "Mimi malori yangu yametoka hapa mpaka mpakani kwa sababu ya asalamu aleikum, bwana. Sijawahi kumtolea mtu mfano wa ng'ombe." Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza ninahitaji nini ili kuwarudisha wale akina mama. Nikamwambia nahitaji kwenda peke yangu.

Nilipokwenda, bibi alinikaribisha jikoni, karibu na moto. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi kwa maneno yaliyopita kinywani mwangu. Akanikatisha. "Ulichelewa," akasema.

"Kuchelewa nini, bibi?"

"Kututafsiria." Akanisogezea viazi vya kuchemsha.

Walirudi kutuuzia, usimamizi nikapewa, na meneja akahamishiwa ndani kukagua kreti, asikutane na mkulima. Mwezi haukuisha akaacha kazi mwenyewe. Siku hizi vijana wanakuja kwangu na vyeti vinavyong'aa, wanajua magonjwa yote ya parachichi kwa majina ya kisayansi. Siwaulizi hayo. Nawapeleka Kichiwa wakamenye maharage, nami namwuliza bibi ameonaje. Wapo waliomaliza na alama za juu kabisa na bibi akawarudisha kabla ya chai.

Mwaka jana, kipindi cha vumbi, mlango wa ofisi ulifunguka na upepo ukaingia pamoja na yule mkufunzi wangu. Amezeeka kidogo. Nilikuwa na vijana wangu wawili mezani. Akavua kofia, akainama, akasema, "Kamwene." Alikuwa amejifunza. Akaniuliza nimeamkaje, nyumbani hawajambo, mama anaendeleaje, hii baridi ya mwaka huu tunaionaje. Aliifuata salamu yote hatua kwa hatua, kwa lafudhi ya mtu aliyeifanyia mazoezi njiani, hakuruka kitu. Nikamwacha afike mwisho.

Mpaka hapo nilikuwa sijaitikia. Vijana wangu wakainua macho, maana hawajawahi kuniona nikiacha salamu ya mtu ikining'inia.

Nikatazama saa yangu. Nikasema, "Sema shida yako."

Niliona anavyoitambua. Ilimpanda usoni taratibu, na masikio yakamwiva. Shida yake akaisema: alikuwa anatafuta kazi, na mzee wa malori amemwambia mwenye kuamua ni mimi. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia nafasi hakuna, na ilikuwepo.

Jioni nilimsimulia mama kwa simu. Akasema ningemwitikia walau ile kamwene, salamu haina kosa. Pengine ni kweli. Lakini aliyerudia mwaka ni mimi.