Mguu wa Mama Mkwe

Kidonda kilichomkatisha mguu mama mkwe wangu nilikiona kikiwa bado kidogo. Nilikitazama kwa macho yangu haya, mimi muuguzi wa miaka kumi na minne katika chumba cha kufungia vidonda, nikasema kinaendelea vizuri. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji asianze kunihurumia.

Alijikata kwa panga akipunguza majani ya migomba katika kibanja chake kule Kishanda, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Zahanati ya jirani walimsafisha, wakamshona nyuzi tatu, wakamfunga bandeji. Wiki hiyohiyo mke wangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji, yuko kitandani kwetu mjini, Buhembe, hata kuinama hawezi. Siku ya tano akaniomba niende nikamwone mama yake. Mama kwenye simu anasema hajambo, akaniambia, lakini yule hata nyumba ikiungua atasema ni moshi wa jikoni. Nikapanda gari hadi Kagoma, nikamalizia safari kwa bodaboda.

Asiyetoka kwetu itabidi avumilie maelezo kidogo. Kwetu mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hampi mkono, hakai naye mkeka mmoja, hamkazii macho. Wakikutana kwenye njia ya migombani, mmoja humpisha mwenzake. Vijana wa mjini huicheka sana desturi hii, mpaka siku wanapofika ukweni. Mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka. Lakini nilipofika mlangoni kwake nikaona nyasi mpya zimetandazwa sebuleni kwa heshima yangu, usomi wote niliuacha nje pamoja na viatu.

Yeye alikaa upande wa mlango wa nyuma, mimi upande wa mbele, sebule nzima katikati yetu. Jirani yake, mwanamke wa makamo, ndiye aliyeifungua bandeji. Mama mkwe alipandisha kanga kiasi cha kidonda kuonekana, si zaidi, kisha akageuza uso akatazama nje. Na mimi nikatazama, kwa haraka, kama mtu anayechungulia chumba kisicho chake.

Chuoni tulikaririshwa dalili za kidonda kinachoharibika: wekundu, joto, uvimbe, maumivu. Wekundu ulikuwa wa kwanza kwenye orodha. Picha za kitabuni zote zilikuwa za miguu ya Wazungu, na juu ya ngozi ile wekundu unaonekana waziwazi kama buni iliyoiva mtini. Hata mimi, ambaye ni maji ya kunde, nikijikuna sana panakuwa pekundu kidogo. Mama mkwe wangu ni mweusi hasa, weusi wa kung'aa ambao binti yake ameurithi na ndio ulionileta ukweni. Kwenye ngozi ya namna hiyo wekundu haujitokezi. Mahali panapowaka moto kwa ndani huwa peusi zaidi tu kuliko ngozi ya pembeni, labda pana rangi ya zambarau kwa mbali, labda panametameta.

Nililijua hilo. Ndilo linaloniuma. Kazini nilikuwa nalijua kila siku, ila ujuzi wenyewe ulikaa mkononi, haukukaa kichwani. Mgonjwa akija, kabla sijafikiri, mgongo wa mkono wangu umeshapapasa pembeni mwa kidonda, umeshalinganisha na mguu mwingine, umeshajua pana joto au pamekakamaa. Kule Kishanda mkono niliuweka magotini, ukabaki hapohapo. Nikabaki na macho na kile kitabu cha miguu ya Wazungu.

Niliona ngozi pembeni mwa nyuzi imekuwa nyeusi zaidi na inametameta. Nikajiambia kwamba vidonda vyetu sisi watu weusi vikipona huacha weusi, jambo ambalo ni kweli kabisa, na nililitumia kujidanganya. Nikamuuliza kama panauma.

"Kidogo tu, waitu," akajibu kwa neno letu la heshima, bado anatazama nje.

Angejibu nini kingine? Mama mkwe halii mbele ya mkwe wake. Ningeweza kumwomba yule jirani aweke mkono pale, aniambie anasikia nini. Hata hilo halikunijia. Niliharakisha kumwambia afunge, nikashukuru, nikala ndizi na samaki, nikajibu maswali kuhusu mtoto na amefanana na nani. Nilipotoka nikampigia mke wangu. Nilimwambia hakuna wekundu.

Siku nne baadaye shemeji yangu alimleta hospitali mjini, anatetemeka na kuongea ovyo. Nilisaidia kumshusha kwenye gari, na hapo ndipo nilipomgusa kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Mguu ulikuwa wa moto hadi juu ya goti. Daktari alipopasua alikuta usaha umepanda mbali. Akakuta pia sukari iko juu, wala hakuna aliyewahi kujua kwamba mama anayo. Aliniambia habari ya sukari kwa upole, akinipa kitu cha kujitetea. Sikukichukua.

Mguu ulikatwa katikati ya paja. Mashemeji waliuomba, wakaenda kuuzika nyumbani, kibanjani.

Mke wangu hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Jioni moja, mtoto yuko kifuani, aliniuliza kama siku ile nilimgusa mama yake. Nikasema unajua desturi, yule ni mama mkwe wangu.

"Ni mama yangu," alisema, akaendelea kunyonyesha.

Alipotoka hospitali mama mkwe alikuja kukaa kwetu. Binti yake ndiye aliyekuwa akimfunga kidonda, japo mwenyewe alikuwa bado anajishika tumbo. Mimi nilikuwa naandaa vifaa, naviacha juu ya stuli nje ya mlango, naondoka. Muuguzi mzima, kazi yangu nyumbani kwangu ilikuwa kuchemsha maji.

Asubuhi moja mke wangu alikuwa amempeleka mtoto kliniki. Niliweka sinia langu la vifaa pale mlangoni, nikageuka niende zangu. Mama mkwe akaniita. Nikajibu nikiwa nimesimama nje, macho chini, kama inavyotakiwa.

"Ingia unifunge wewe," akasema. "Mguu uliokuwa unauogopa umeshazikwa."

Niliingia nikapiga magoti. Nilifungua bandeji, nikaweka mgongo wa mkono pembeni mwa mshono, nikazunguka nao pande zote, kisha nikalinganisha na paja la pili. Palikuwa na joto la kawaida la mtu mzima. Haikuchukua hata dakika moja.