Wimbo wa Fahali Mweupe

Jumanne, upepo na vumbi tangu asubuhi. Leo mnadani Katesh kijana alikuwa anapuliza kinanda cha mdomo, nikarudiwa na aibu ya utotoni.

Baba mdogo alirudi na kinanda kama kile kutoka vita vya Waingereza. Alisimama zizini kwetu Basotu, kwenye harufu ya samadi, akapuliza wimbo wa kumsifu fahali wake mweupe aliyetuachia. Mimi nilidhani anamwita, nikamhurumia.

"Shikamoo, baba mdogo. Usimwite, tulishamla."

Akakishusha kinanda. Baba akainama.

"Ilikuwa njaa, mdogo wangu. Nilitaka ule kwanza, ndipo nikuambie."

Hakusema uongo, njaa ile ilikuwa kali.

Jioni jogoo wa kumkaribishia mgeni hakuchinjwa. Baba mdogo alisema hataki nyama, tukala ugali na maziwa ya mgando.