Kalenda ya Akinyi

Wapendwa, leo kompyuta imemwita marehemu kwa jina.

Naandika haraka, mnisamehe nikikosea herufi.

Mnajua tangu tumzike Akinyi, mimi ndiye nakalia meza yake hapa ofisi ya kiwanda cha chai. Asubuhi bosi akaniambia nijifunze ile kalenda ya kwenye kompyuta, nipange siku za lori kuchukua majani. Tangu Akinyi afe, hakuna aliyeigusa.

Nikaifungua.

Ikalia.

Maandishi yakatokea: "Akinyi, nenda hospitali ya Kaplong. Daktari aangalie titi."

Chini yake, kitufe cha kukumbushwa kesho.

Jamani! Kumbe ule mlio tuliozoea kila asubuhi ulikuwa huu. Ukilia tu, Akinyi alikuwa anabonyeza kitufe haraka, anaendelea kutuchekesha.

Bosi akauliza akiwa mlangoni, "Mama Kiprono, ni nini hiyo inalia?"

"Ni ya Akinyi."

Akaja, akasoma. Halafu akasema polepole, "Bonyeza tu kesho, tuendelee na kazi."

Mkono ulikataa.

Kwa sababu hata mimi nina uvimbe, titi la kushoto. Sijaambia mtu, hata Baba Kiprono.

Nikachukua sweta, nikaenda Kaplong.

Daktari alinipima. Mwishowe akasema, "Lazima tutoe hii, lakini umekuja mapema. Ni nani aliyekutuma?"

Nyinyi mngemwambia nini?