Ekseli ya Mukwe Wangu

Muinjilisti Nehemiya amenifuata mpaka nimechoka. "Mama, andika juu ya mtu mumoja wa hapa kijijini, tusome siku ya kufungua kanisa." Kwa nini mimi? Wako vijana waliomaliza shule, wanashinda wamelala. Mimi baba alinitoa darasani nikalee wadogo zangu, na kalamu inaniumiza vidole. Lakini nilisikia wanataka kusifu tena wale wanaokaa viti vya mbele. Nikasema leteni hiyo karatasi. Nitaandika juu ya Natanaeli.

Natanaeli ni mukwe wangu, bwana ya binti yangu Bénédicte. Kwetu, tangu Kongo kabla ya kuhamia huku, mama mukwe na mukwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hatuketi pamoja, hatutazamani usoni, na jina lake mimi silitamki. Nikiwa na neno namwambia Bénédicte, naye anampelekea, hata kama yeye amesimama hapo hapo anasikia. Kuandika jina si kulitamka. Mtu asinisumbue juu ya hilo.

Ni mtu mwoga. Sina neno lingine. Kabla ya kuwasha gari analizunguka, anainama, anachungulia chini, anapiga kila tairi kwa kiatu. Akikuta maji barabarani anashuka na fimbo, anayapima kwa miguu yake mwenyewe. Abiria wanamcheka: "Dereva, leo unabatiza nani?" Yeye anajibu, "Ngojeni, sijaona chini." Lakini gari lake ndilo pekee linalofika kwetu mvua ikinyesha. Linapeleka mahindi sokoni Rwekubo, linapeleka wagonjwa, na waliokufa pia.

Kati yetu na Rwekubo kuna bonde. Mvua ikianza, udongo wake unakuwa kama ugali wa muhogo usioiva, gari linalala tumbo chini. Kwa hiyo mwaka jana akafunga tairi kubwa zaidi. Watoto walishangilia. Siku hazikupita nyingi, tukiwa na mzigo wa maharage kwenye kilima cha Kabingo, nikasikia kishindo chini yangu, na gari likaanza kurudi nyuma. Shafti ilikatika, ule mti wa chuma ulio ndani ya ekseli, unaozungusha gurudumu. Ilikatika kama muwa. Breki zilishindwa na mzigo. Mwanamume mmoja asiyetujua alitupa jiwe nyuma ya tairi, ndipo tukasimama. Bénédicte alikuwa amekaa karibu yangu na mimba yake.

Tangu siku ile sikulala vizuri. Mtoto wake wa kwanza, Marcienne, alitolewa kwa kupasuliwa. Daktari alisema wa pili azaliwe hospitali Mbarara, asijaribu nyumbani, kovu la ndani linaweza kufunguka akamwaga damu yote. Mjini hatuna ndugu wa kumweka. Na bonde liko pale katikati.

Gari lilivutwa mpaka Mbarara, mtaa wa Nyamityobora, kwa fundi Umaru. Nasi tulienda, Bénédicte alikuwa na siku ya kupimwa. Umaru akaonyesha shafti mbili mpya, zinang'aa kama sahani.

"Hizi nafunga leo, unarudi leo. Lakini unene ni ule ule wa zamani." Kisha akapiga teke ekseli nzima yenye kutu, iliyotoka kwenye gari kubwa la mizigo. "Hii, ndani yake shafti ni nene kama mkono wa mukaaka huyu." Mukaaka ni mimi. Ndivyo wanavyoita bibi huko.

"Mkono wangu uuache," nikamwambia.

"Sikiliza, ssebo," akamwambia Natanaeli, yaani bwana. "Tairi kubwa inakamata tope kwa nguvu, na shafti ndiyo inaumia. Ama rudisha tairi ndogo."

"Ndogo hazivuki bonde."

"Basi chukua ya kutu. Lakini haiingii hivi hivi. Nakata, nachomelea mahali pa springi, natafuta breki zake. Gari linabaki hapa wiki, pengine mbili."

Wiki mbili! Niliangalia tumbo la binti yangu, nikahesabu siku kwa vidole. Natanaeli alikuwa amechuchumaa kati ya vile vyuma, anavipapasa kwa kidole gumba.

"Bénédicte, ambia bwana yako achukue zile zinazong'aa. Mutoto hatangojea fundi."

"Mama anasema uchukue zile zinazong'aa."

"Mwambie mama ile iliyokatika nayo iling'aa."

"Mwambie bwana yako kuogopa si akili."

"Mwambie mama naogopa kweli. Naogopa uchungu ukushike katikati ya bonde na gari limekatika."

Umaru alicheka mpaka akaketi juu ya tairi. "Banange! Mumesimama hapa wote watatu! Hamuna masikio?"

Akachagua ya kutu. Sikumsamehe. Tulirudi kwa gari la watu, na mvua ikaanza, haikupumzika. Bénédicte akiguna kwa kuinua ndoo, mimi natoka mbio. Natanaeli alivuka bonde kwa miguu, akaenda kwa Umaru na kurudi, bila gari, na tena bila gari, mpaka jioni moja tukalisikia likija. Kesho yake asubuhi uchungu ukaanza, kabla ya siku zake.

Tukaingia. Yeye mbele peke yake, mimi nyuma chini ya turubai, na kichwa cha binti yangu mapajani. Hatujafika bondeni, nikasikia chini yangu upande wa kushoto: kle, kle, kle. Nikasema ni ile ile. Kutu ile inakatika.

"Bénédicte, ambia bwana yako asikilize chini."

Bénédicte alikuwa anauma kitenge, hanisikii. Mvua inapiga turubai, injini inalia. Kle-kle-kle, sasa haraka zaidi, na bonde nimeanza kuliona. Nikangoja kidogo. Ndiyo, nilingoja. Heshima ya mama zangu haitupwi kama maji machafu. Kisha nikavua ndala, nikapiga kioo cha nyuma yake.

"Natanaeli! Simama! Natanaeli!"

Gari likasimama. Akapiga magoti kwenye tope. Ekseli ilikuwa nzima. Nati za gurudumu ndizo zililegea, mbili zimeshaanguka. Umaru alikuwa amemwambia: ukitembea kidogo, simama ukaze tena, gurudumu likifungwa upya linajikalisha. Lakini njia nzima alikuwa anaiogopa shafti, nati akazisahau. Yeye, anayepiga kila tairi kwa kiatu!

Spana ilimteleza kwenye tope. Nikashuka. Nikashika spana naye, tukaikandamiza bega kwa bega, mama mukwe na mukwe wake, mvua inatupiga.

"Mama, umetaja jina langu," akasema, anaangalia tope.

"Kaza nati."

Bondeni tope lilifika mlangoni. Gari likainama, likasimama, tairi zikazunguka bure. Nikangoja kile kishindo cha Kabingo. Bénédicte aliniminya vidole mpaka vikafa ganzi. Chuma kikaguna chini yangu, kikaguna tena, halafu tairi zikashika kitu. Tukapanda upande wa pili.

Mbarara walimwingiza ndani mbio. Tuliketi nje kwenye benchi moja, yeye mwisho huu, mimi mwisho ule, mpaka muuguzi akatoka akasema ni wa kike, na mama anapumua.

Wazee walitaka nilipe kuku kwa kutamka jina la mukwe. Nilisema kuku atoke kwa aliyesahau nati. Mukwe akamleta kuku mwenyewe, akamwacha mlangoni pangu. Tumerudi kwenye heshima yetu. Ila sasa kabla ya safari anamtuma Bénédicte: "Mwambie mama aje asikilize chini." Naenda. Nasikiliza mpaka niridhike, na abiria wangoje.

Lakini bonde bado liko, na jirani yangu Mukandoli ana mimba, tumbo limeshuka. Ekseli nene nayo ina siku yake ya kukatika. Basi wewe uliyesomewa haya hapa kanisani, usinipigie makofi. Ukipita bondeni, beba jiwe uliweke kwenye tope, tairi zipate pa kushika. Si kokoto la kufukuzia ndege. Jiwe la kubebwa kwa mikono miwili. Kuanzia kesho asubuhi nitakaa pale na kiti changu, nione nani anapita mikono mitupu.