Stoo ya Meneja

Mdogo wangu wa kiume mtaa mzima unamwita Meneja, ingawa hajawahi kusimamia chochote zaidi ya chaji ya simu yake. Anauza vitu mtandaoni. Nikisema anauza nampamba, maana kuuza kunataka uwe na kitu, na yeye ana picha tu. Picha za pasi, mikoba, nguo za watoto, zote kazichukua kwenye duka la ng'ambo, na chini ya kila moja kaandika kwa herufi kubwa kwamba mzigo upo stoo, hapa hapa mjini, lipa leo upokee kesho. Ukishalipa ndipo naye anaagiza huko ng'ambo, na kitu chako kinapanda meli bila haraka yoyote.

Mteja akiuliza, anajibiwa kwamba mzigo uko njiani. Akiuliza tena, gari la stoo limepata pancha. Dereva wa gari hilo hajazaliwa, lakini namhurumia, kwa sababu mwaka huu peke yake kafiwa na babu yule yule mara mbili. Na mzigo ukifika kweli, Meneja huja kukaa jikoni kwetu akibandua karatasi za ng'ambo kwa mvuke wa birika, kisha hubandika ya kwake iliyoandikwa Stoo Kuu. Gesi ni yetu.

Kwetu ni kwa mama, na mama hulea watoto wa watu wakati wazazi wao wako kazini. Chumba cha mbele kina mikeka, vikombe vya plastiki, bata wa njano waliochorwa ukutani, na kulabu moja kwa kila mtoto ya kutundikia mkoba wake. Ndoo ya nepi ndiyo wizara yangu. Wazazi wanampenda mama kwa jambo moja: hamdanganyi mtoto. Mtoto akimlilia mama yake, walezi wengine humwambia anakuja sasa hivi. Mama kalipiga marufuku neno hilo nyumbani kwake. Yeye humkalisha mtoto mapajani akamwambia, "Mama yuko kazini. Utakula, utalala, utaamka, ndipo atakuja." Mtoto hulia kilio chake kikaisha, akaenda kucheza. Lakini ukimwambia anakuja sasa hivi, mama husema, atashinda akitazama geti, na kesho yake hatakuamini hata ukimwambia maziwa yamepoa.

Katika nyumba hiyo ndimo alimolelewa Meneja. Sijui alikuwa wapi siku zote hizo.

Jumapili moja, watoto wakiwa kwao, alikuja na maboksi matupu akayapanga chumba cha mbele mpaka karibu na dari. Akamwomba mama avae aproni safi, asimame mbele ya maboksi hayo apigwe picha ya kumbukumbu. Mama wa watu akatabasamu. Kuanzia siku ile akawa sura ya duka: Mama Stoo, mwaminifu tangu zamani. Mama ana simu ya tochi, angejulia wapi? Na mimi ukurasa wa Meneja niliacha kuutazama tangu aliponiuzia mimi, dada yake wa tumbo moja, pasi ambayo hadi leo iko njiani.

Sasa nesi mmoja wa wodi ya wazazi alikuwa anamaliza likizo ya uzazi, aliyoirefusha kwa miezi bila malipo. Alielekezwa kwetu, wakaongea na mama kwa simu, wakakubaliana. Mama alifurahi kupita kiasi. Watoto walikuwa wamepungua, na nesi wa wodi ile akikuamini, kila mama anayejifungua pale atalisikia jina lako. Akapigilia kulabu mpya, akashona na kitambaa chenye jina la mtoto.

Nesi akaja asubuhi, mtoto kiunoni. Alipovuka kizingiti tu, uso ukambadilika. Akamtazama mama, akawatazama bata wa njano, akatoa simu yake, akatazama tena. Kisha akatoa kifurushi mkobani. Ndani mlikuwa na visweta na soksi za mtoto mchanga, soksi zisizozidi kidole gumba. Aliziagiza tumbo likiwa kubwa.

"Niliambiwa kesho," alisema. "Zimefika juzi. Si wewe Mama Stoo?"

Mtoto mwenyewe, na meno yake mawili, alishakwapua soksi moja anaitafuna.

Mama hakuelewa mpaka nesi alipomwonyesha picha. Akaishika simu ile kwa mikono miwili, akajiona. Halafu akamwita Meneja, ambaye alikuwa jikoni na birika letu. Akaja anatabasamu. Akaanza na changamoto za usafirishaji, neno analolipenda kuliko mke wake. Alipoona haliendi, akamgeukia mama.

"Si hata wewe mama huwa unawatuliza watoto? Na mimi nawatuliza wateja, basi."

"Nimemwambia mtoto gani anakuja sasa hivi?" mama akauliza.

Simu ya Meneja ikaita. Mteja. Akaanza kwa mazoea kwamba mzigo uko njiani, na mama akanyoosha mkono kama anavyomnyooshea mtoto aliyeokota kisu. Akampa.

"Mwanangu, mzigo wako haujaondoka ng'ambo," mama akasema kwenye simu. "Utapanda meli, utashuka, utapita forodha, ndipo utakuja. Kama huwezi kungoja, pesa yako itarudi. Anayerudisha yuko hapa, haendi popote."

Akamkalisha Meneja kwenye kiti cha watoto, magoti yakamfika kidevuni, akamwambia awapigie wengine wote awaambie hivyo hivyo. Akiwa anatafuta maneno, katoto ka miaka miwili kakaja kumvuta mama sketi, kakasema kamejikojolea. Mama akakashukuru kwa kusema. Meneja akainamisha kichwa. Mimi, sitaficha, nilikuwa nastarehe.

Nilidhani tumeshinda. Nesi alisikiliza yote hayo amesimama. Akaweka kifurushi mezani, akampandisha mtoto vizuri kiunoni.

"Asante, mama," akasema kwa upole kabisa. "Leo nimesahau nepi zake. Nitamleta kesho."

Nepi zilikuwa zinachungulia kwenye mkoba wake.

Meneja alibeba maboksi yake jioni, akilalamika kwamba tumemuua kibiashara. Hakufa. Wiki haikuisha, ukurasa mpya ukafunguliwa, na mbele ya maboksi yale yale amesimama mama mkwe wake, na aproni. Mama Stoo, mwaminifu tangu zamani.

Kesho ile aliyoahidi nesi, mama alifagia mapema kuliko kawaida. Asubuhi nzima alipita dirishani akiwa na kisingizio, mara pazia, mara vumbi. Akasema wodini wanachelewa kubadilishana zamu. Watoto walipolala mchana, akaja nyuma nilikokuwa nakamua nepi.

"Amesema kesho, siyo?"

Nami nimelelewa nyumba ile ile.

"Haji, mama," nikamwambia.

Akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akalia kilio chake kikaisha, akaenda kuwaamsha watoto.